Dola 20 za kusaidia watoto: kutrishe kunaanzia wapi?

Mwezi wa sita Lubumbashi, huku Kongo, ni baridi. Asubuhi wanafunzi wanapita na jaketi juu ya shati jeupe, mikono mifukoni, mvuke ukiwatoka mdomoni kama wavuta sigara. Asubuhi moja ya namna hiyo jirani yangu wa mtaa wa Katuba, mama anayeuza unga wa Zambia kwa ndoo na kwa kopo, alinigongea mlango kabla sijanywa chai. Binti yake alikuwa finalisti, yaani yuko darasa la mwisho la sekondari, na shule ilikuwa imewaita wazazi mkutanoni. Kila mzazi aliombwa dola 20. Risiti hakuna. Kwa mdomo ilisemwa ni pesa ya "oganizasyo" ya egzame, yaani maandalizi ya mtihani.

"Mwalimu," akaniuliza, "iyi makuta, iko ya kutrishe ao iko ya kusaidia batoto?"

Kwetu makuta ni pesa, na kutrishe ni kudanganya kwenye mtihani. Nilifundisha hisabati miaka 12, kwa hiyo alidhani jibu ninalo mfukoni. Sikuwa nalo. Nililomwambia siku ile lilikuwa fupi na halikumtosheleza. Hili hapa ni refu zaidi.

Wengi wetu tukisikia kutrishe tunaona picha moja: mtoto amekunja kikaratasi ndani ya soksi, au shingo imerefuka kuelekea karatasi ya mwenzake. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni kipande kidogo cha mambo, na ndiyo inayotuziba macho tusione yaliyo makubwa. Afadhali tuanze na kazi ya mtihani wenyewe. Pointi ni ushahidi. Buleteni, yaani ripoti ya alama, ikiandika 14 juu ya 20 kwa kemia, maana yake kuna mtu mzima ametia sahihi akisema: mtoto huyu, peke yake, siku ile, bila daftari, aliweza hiki. Chuo kitausoma ushahidi huo, mwajiri atausoma. Mgonjwa atakayechomwa sindano na muuguzi huyo miaka kumi baadaye hatausoma, lakini mwili wake utautegemea. Kutrishe ni kuufanya ushahidi huo uwe wa uongo. Kikaratasi cha soksini ni njia mojawapo tu.

Kwa hiyo mimi hupima hivi: kama mwalimu angeona yote yaliyofanyika, kuanzia usiku wa jana hadi karatasi kukusanywa, je, bado angetia sahihi ileile? Kama angetia, huo ulikuwa msaada. Kama asingetia, ni kutrishe, hata pale ambapo hakuna kanuni iliyobandikwa ukutani inayokataza.

Chukua maki, yaani kambi ya kusomea mtihani. Asiyelelewa Kongo akiona maki kwa mara ya kwanza atashuku. Wiki kadhaa kabla ya egzame ya Leta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, finalisti wanahama kwao. Wanalala kwa mwenzao mwenye nyumba kubwa, au katika madarasa ya shule, magodoro chini, sufuria ya bukari (ugali) kwa zamu, mishumaa tayari kwa sababu umeme utakatika tu. Usiku mwalimu wa fizikia anapita, kesho wa Kifaransa, na wanampa chochote kwa ajili ya jasho lake. Mezani pana lundo la fotokopi za itemu, yaani maswali, za miaka iliyopita. Watu wazima wanatoa majibu kwa watoto usiku kucha! Lakini pima: itemu hizo ni za zamani, kila mtu anajua ni za zamani, na asubuhi mtoto ataingia chumbani na kichwa chake tu. Mwalimu angeona yote hayo angefurahi. Maki si kutrishe. Kwa maoni yangu ndiyo shule bora tuliyo nayo, na inasikitisha kwamba inafunguliwa wiki chache kwa mwaka, tena usiku.

Sasa badilisha kitu kimoja. Mwalimu yuleyule, mshumaa uleule, anasema kwa sauti ya chini: "Someni sana hizi kumi, musiniulize kwa nini." Na zile kumi zinatoka. Hakuna aliyekopia kitu. Mtoto amesoma kweli, amekesha kweli. Ila ushahidi unasema anajua somo zima, wakati anajua maswali kumi. Tayari tumevuka mto, na mwanafunzi aliyevukishwa pengine hata hakuhisi maji miguuni.

Kazi za nyumbani ni vurugu nyingine, na hapo lawama naiweka zaidi kwetu walimu. Tunatoa zoezi bila kusema lifanywe vipi. Mtoto anaenda kwa yaya yake, yaani kaka au dada mkubwa, yaya anaeleza kidogo, anachoka kueleza, anashika kalamu. Mlolongo huo una hatua tatu, na ya tatu tu ndiyo yenye shida, lakini nani aliwahi kumwambia mtoto wa miaka 12 kwamba kuna mpaka kati ya kuelezwa na kuandikiwa? Chuoni inakuwa biashara. Kuna ile TP, yaani kazi ya vitendo, ya kikundi yenye majina 12: wawili waliandika, mmoja alichapa, mmoja alilipa karatasi za kuchapia, na wanane waliobaki waliandikisha majina. Wote wanapata 15. Ukimwambia mmoja wa wale wanane kwamba ametrishe, atakushangaa kwa dhati. Yeye anaona alishirikiana na wenzake.

Ushirikiano huo usichekwe. Mtoto wetu amelelewa akisikia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Anakula sahani moja na ndugu zake, anavaa kiatu cha kaka yake, minervali yake, yaani ada ya shule, imelipwa na mjomba. Halafu kwa saa mbili tunamwambia: sasa uko peke yako, na mwenzako akikuomba umkatalie. Aliye mbele anasikia nyuma yake sauti ya chini, "Unipe tu kamoja, niko nakufa." Akikataa, nje ya darasa ataitwa mchoyo, na jina hilo litamfuata mpaka mwisho wa mwaka. Akitoa, hakuna atakayemwita mwizi. Nimewahi kusimamia mitihani ambayo mwanafunzi bora wa darasa alikuwa amekaa huku karatasi yake ikisafiri benchi tatu nyuma, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelipa deni. Wanaotoa majibu wana sababu zao, tofauti na za wanaopokea, na adhabu ya sifuri kwa wote wawili inawafanya wafanane wakati hawafanani.

Wanaopokea mara nyingi hawaelewi hata wanachopokea. Kuna karatasi moja sitaisahau. Mvulana alinakili hesabu nzima ya jirani yake, mstari kwa mstari, pamoja na kosa la alama ya kutoa, na chini kabisa akaandika kwa mwandiko mzuri: *voir verso*. Tazama nyuma. Niligeuza. Nyuma palikuwa peupe. Nilicheka kwanza. Baadaye ikanijia kwamba yule mtoto alikuwa amekaa miaka mingi katika shule inayofundisha kwa Kifaransa, na hakujua maneno hayo mawili yanasema nini.

Hapo tumegusa sababu ambayo haitajwi sana mikutanoni. Nyumbani katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya (mtaa, si nchi), Ruashi, watoto wanaongea Kiswahili. Sokoni Kiswahili. Uwanjani Kiswahili. Sayansi, historia, hata hesabu zenye maneno, zinakuja kwa Kifaransa, na darasani kuna watoto wengi kuliko mwalimu mmoja anavyoweza kuwasikiliza. Asiyeelewa anabaki na njia moja: kukariri. Anashika ukurasa mzima kama anavyoshika sala, bila kujua neno lipi ni la maana na lipi ni la kuunganisha. Neno moja likidondoka, ukurasa wote unaanguka. Mtu aliyesoma namna hiyo anaona kikaratasi kuwa ni kumbukumbu iliyowekwa soksini badala ya kichwani, na haoni tofauti kubwa kati ya mahali hapo pawili. Kusema kweli, kama mtihani wenyewe unauliza tu "taja" na "orodhesha", tofauti hiyo ni ndogo kuliko tunavyopenda kukubali.

Kuna wanaosema shida ni tabia: watoto wa siku hizi, au sisi Wakongo. Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima watoto wa shule wapatao 11,000 huko Marekani, wakachapisha matokeo yao mwaka 1928. Waliwapa nafasi za kudanganya za namna nyingi, darasani, michezoni, nyumbani, bila wao kujua wanapimwa. Mtu angetarajia kuona makundi mawili, waaminifu na wadanganyifu. Hawakuyaona. Mtoto aliyedanganya kwenye hesabu aliweza kuwa mwaminifu kwenye mchezo, na wa mchezo akawa mwaminifu kwingine. Mazingira yalisema zaidi kuliko tabia. Mwaka 1964 Mmarekani mwingine, William Bowers, alichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi zaidi ya 5,000 wa vyuo 99 vya nchi yake, na watatu kati ya wanne walikiri kwamba wamewahi kufanya udanganyifu wa aina fulani. Vyuo hivyo vilikuwa na madawati, maktaba na umeme usiokatika. Basi tuache kujitukana bure. Swali lenye faida ni hili: mazingira yetu yana nini?

Turudi kwenye zile dola 20, maana ndipo penye fundo.

Egzame ya Leta ilianza mwaka 1967. Wazo lake lilikuwa zuri na bado ni zuri: maswali mamoja kwa nchi nzima, ili diploma ya mtoto wa Kasenga iwe na uzito sawa na ya mtoto wa Kinshasa, bila kutegemea prefe, mkuu wa shule, anamjua nani. Baada ya insha na majaribio mengine yanayotangulia, kikao chenyewe kinachukua siku nne. Mtoto anachagua majibu, karatasi zinasafirishwa, zinasahihishwa mbali na shule yake, na siku ya matokeo jiji zima linapakwa poda kusherehekea waliofaulu. Kupita ni asilimia 50. Anayepata 49 na aliyepata 12 wako sawa: hawana diploma.

Walioitengeneza walijua kwamba watoto wataangaliana, kwa hiyo maswali yanatolewa kwa seri tofauti. Wewe na wa pembeni yako hamna karatasi moja. Dawa hiyo ilifanya kazi vizuri mno. Shingo ndefu haisaidii tena, kwa sababu jibu la tatu la jirani si jibu lako la tatu. Ili kutrishe sasa unahitaji kitu ambacho mtoto mmoja hana: mtu wa kuyatoa maswali nje, watu wazima wanaojua masomo yote na kuyatatua kwa haraka, seri zote, na mtu wa kuyarudisha majibu ndani. Watu wanakiita chumba hicho "labo". Ndani yake hamna chupa wala dawa, kuna simu na walimu waliokunja mikono ya shati. Mwizi mmoja mdogo mwenye kikaratasi alifukuzwa, nafasi yake ikachukuliwa na kampuni. Na kampuni ina gharama. Zile dola 20 za jirani yangu zilikuwa mchango wa mtaji.

Tazama basi nani amefanya nini. Mzazi amelipa. Shule imekusanya. Mwalimu ametatua. Msimamizi ametazama dirishani. Binti finalisti ametia alama mahali alipoambiwa. Siku ya kukamatwa, ikiwa ipo, atakayeandikiwa ripoti ni yeye, mwenye miaka 18, wa mwisho katika mnyororo na asiyekuwa na sauti mkutanoni. Neno "mwanafunzi ametrishe" linaficha sentensi ndefu zaidi.

Kwa nini shule iingie humo? Donald Campbell, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1976 kwamba kadiri kipimo kimoja cha namba kinavyotumiwa kuamua mambo ya watu, ndivyo watu watakavyokiharibu kipimo chenyewe. Hakuwa anaongelea mitaa yetu, lakini pita mwezi wa tisa uone vitambaa vilivyotundikwa kwenye kuta za shule: "asilimia 100 ya waliofaulu". Mzazi anachagua shule kwa kusoma kitambaa. Shule yenye 60 inapoteza watoto, na ikipoteza watoto inapoteza minervali. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilihusu shule za msingi za serikali. Sekondari wazazi waliendelea kulipa, na kwa muda mrefu sana, tangu mishahara ya walimu ilipoyeyuka miaka ya 1990, familia ndizo zilizokuwa zikimlisha mwalimu kupitia prime, yaani mchango wa wazazi. Mwalimu anayelishwa na mzazi atampa mtoto wa mzazi huyo sifuri kwa moyo gani? Simtetei. Nimekuwa mahali pake, na najua mkono unavyokuwa mzito juu ya kalamu nyekundu tarehe 28 ya mwezi.

Jirani yangu wa unga naye alikuwa amepiga hesabu, tena sahihi. Binti akishindwa, kuna minervali ya mwaka mwingine, unifomu, nauli, na mwaka mzima wa kukaa nyumbani akiangaliwa. Ukiweka hayo upande mmoja na dola 20 upande wa pili, mizani haisumbuki. Tena shule haikumwambia "lipa akopie". Ilimwambia "wenzako wote wamelipa". Aliogopa zaidi kwamba binti yake atakuwa peke yake asiyesaidiwa, kuliko alivyotamani asaidiwe. Wanafunzi nao ukiwauliza husema neno lilelile: "Bote beko banafanya." Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza walieleza jinsi vijana wavunja sheria wanavyojisafisha moyoni kabla ya kutenda: hakuna aliyeumia, ninyi wenyewe si wasafi, nafanya kwa ajili ya wenzangu. Nikisoma orodha yao nasikia sauti za darasa langu, ila pia sauti za mkutano wa wazazi.

Kuna jambo moja linalotiwa kwenye kapu hili na halimo. Chuoni utasikia mzaha kuhusu "pointi za kitandani", na mzaha huo kila mara unamchoma msichana: huyo alipita kwa njia hiyo. Tumia kipimo chetu. Pointi ni za uongo, ndiyo. Lakini nani alikuwa na kalamu? Mwalimu anayemwambia msichana kwamba cote yake, yaani alama zake, itategemea kukubali au kukataa amemwekea mtego, na kumwita msichana mtricheri ni kumhukumu aliyeibiwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inautaja unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai. Hapo tutoke kwenye kanuni za mtihani, twende mahakamani.

Kuhusu simu na programu zinazoandika zenyewe, kama ChatGPT iliyotoka mwishoni mwa 2022, sina mengi. Kazi za mwisho wa masomo ziliandikwa na watu wengine muda mrefu kabla yake. Kulikuwa na vijana wenye kompyuta waliokuuliza tu mada na idadi ya kurasa. Kilichobadilika ni bei. Zamani aliyekuwa na dola 100 ndiye aliyenunua, sasa mwenye mega za intaneti za kutosha anaweza. Ukimuuliza programu akueleze oksidisho kwa Kiswahili mpaka uelewe, umepata yaya asiyechoka. Ukimwachia ashike kalamu, umerudi kwenye ile hatua ya tatu.

Jirani yangu alilipa. Alikuja kuniambia siku mbili baadaye, akiangalia chini, kama mtu anayetaka nimkaripie, nami sikumkaripia. Binti alifanya egzame, baridi ikaisha, matokeo yakatoka. Alipata 54. Walimmwagia poda mpaka kope zikawa nyeupe, muziki ulipigwa hadi usiku, na mimi nilikula nyama yao ya michopo bila aibu.

Wiki iliyofuata binti alikuja kwangu peke yake. Alitaka kujiandikisha uuguzi na alikuwa na hofu ya kemia. Nikamwambia, lakini umepata 54. Akanyamaza kidogo, akakwangua poda iliyobaki kwenye kucha.

"Mwalimu, kule ndani walileta majibu, lakini yalichelewa. Mengi nilikuwa nimeshajaza mwenyewe. Mengine nikafuta nikaandika yao." Kisha akaniuliza: "Sasa kama singefuta, ningepata ngapi?"

Tulikaa na itemu za kemia za mwaka ule tukajaribu kukumbuka, swali kwa swali, lipi lilikuwa lake na lipi lilikuwa la labo. Tulifika swali la tisa tukashindwa kuendelea.